Nilivyojifunza kusoma upande wa mama wa farasi wa mbio

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo nilipopata kazi ya usaisi kwenye shamba dogo nje ya Lexington, Kentucky, jambo moja halikunipa shida: wafugaji wa Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, huhesabu udugu kwa tumbo. Farasi wawili wa baba mmoja na mama tofauti hawaitwi ndugu hata kidogo. Dume la mbegu lenye jina hupanda majike zaidi ya mia kwa msimu, sasa ukianza kuwaita watoto wake wote ndugu utamaliza lini? Mwenzangu wa Bukavu alibisha wiki nzima: "Ndugu yangu, hii yote si batoto ya baba moja?" Mimi nilikuwa nimeshaelewa siku ya kwanza.

Kilichonitoa jasho ni katalogi ya mnada. Kila farasi ana ukurasa wake: juu baba, kisha mama wa kwanza, yaani mama mzazi, mama wa pili, bibi yake mzaa mama, wa tatu, na kushuka hivyo hivyo. Chini ya kila mama wanaorodheshwa watoto wake na wajukuu. Aliyeshinda mbio za hadhi jina lake huchapwa kwa herufi kubwa nzito. Aliyeambulia nafasi ya pili au ya tatu, nzito lakini za kawaida. Jicho la mgeni hufuata wino.

Langu pia lilifuata. Mwaka wa pili mwenye shamba aliniambia nimtafutie jike moja la bei nafuu, na mimi nikamletea ukurasa uliokuwa mweusi tii. Mzee hakusema kitu. Aliweka kiganja juu ya nusu ya chini ya karatasi, akaniuliza naona nini. Nusu ya juu ilikuwa tupu: mama wa kwanza watoto tisa, hakuna wa maana, mama wa pili vivyo hivyo. Wino wote ulikuwa wa mama wa tatu na wa nne. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba ukurasa una nafasi ile ile kwa kila farasi. Mama wawili wa kwanza wakiwa wamezaa vizuri, wanaujaza wenyewe. Ukiona mpaka mama wa nne ametajwa, mara nyingi ni kwamba waandishi wamekosa cha kuandika huku juu.

Nikanunua daftari la hesabu. Kwa kila jike niliandika kwanza watoto wangapi wamezaliwa, wangapi wamefika umri wa kukimbia, wangapi wamekimbia kweli, wangapi wameshinda, halafu ndipo wino mzito. Mimba ya farasi ni miezi 11, mtoto mmoja kwa mwaka, na miaka mingine jike hashiki. Thoroughbred hawaruhusiwi mbegu ya mrija, lazima dume apande mwenyewe. Kwa hiyo jike anaweza kuzaa watoto kumi au kumi na wawili maisha yake yote. Mshindi mmoja kati ya watatu si sawa na mshindi mmoja kati ya kumi na wawili, ingawa kwenye katalogi wino wao unafanana.

Nilipotea njia mara moja tena, safari hii kwa utamu. Mwaustralia mmoja, Bruce Lowe, karne ya 19 alizipa familia za mama namba kulingana na idadi ya washindi wa mbio kubwa tatu za Uingereza, Derby, Oaks na St Leger: ya kwanza ndiyo yenye washindi wengi zaidi. Mpaka leo watu wanazitumia namba hizo. Nilikesha kuzifuata. Nilimchukua Super Saver, bingwa wa Kentucky Derby ya 2010, nikapanda kwa mama zake tu: Supercharger, Get Lucky, Dance Number, Numbered Account, Intriguing, Glamour, Striking, Baby League, mpaka mama wa tisa, La Troienne, jike wa Ufaransa aliyezaliwa 1926 ambaye hakushinda hata mbio moja. Nilimpigia mke wangu simu kumweleza. Akaniuliza kama nimekula.

Lakini ukitulia, mama wa tisa amebakiza nini? Kile kinachopita kwa mama peke yake ni DNA ya mitokondria, sehemu ndogo mno. DNA nyingine yote ya mama hukatwa nusu kila kizazi. Na kuna kitu namba hazisemi. Edward Bradley, mwenye La Troienne, alipofariki 1946, farasi wake walinunuliwa na Ogden Phipps na mashamba ya King Ranch na Greentree, watu wenye fedha zao. Mabinti wa ukoo ule wakapelekwa kwa madume bora kizazi baada ya kizazi. Sehemu ya ninachokiita damu ni pochi.

Basi Januari iliyofuata nilimletea mzee ukurasa wenye weupe mwingi. Jike wa miaka saba, hakuwa amekimbia, mimba ya miezi minane. Ukimtoa yeye, mama yake alikuwa na watoto wanne tu wa umri wa kukimbia: wote wamekimbia, watatu wameshinda, mmoja kwa herufi nzito. Dada yake mdogo alikuwa bado kwenye mazoezi, maana yake ukurasa ungeweza kubadilika bila sisi kufanya lolote. Msimu uliotangulia mimba hii jike huyu hakushika, na nadhani hilo ndilo lililowafukuza wengine. Tulimpata kwa dola 6,500.

Njiani kurudi, trela nyuma yetu, mzee akauliza huyu ni wa familia namba ngapi. Nikamwambia sijaangalia.