Lita 7 za ziada: siku moja gereji na tenki la pikipiki ya porini

Watu wakisikia kwamba tunafunga matenki makubwa kwenye pikipiki za safari, swali huwa ni lile lile: "Si unatoa la zamani, unaweka jipya?" Kutoa na kuweka ni dakika 40. Saa zinazobaki zinakwenda kwenye mambo ambayo mteja hayaoni: hewa inaingiaje, mafuta yanatokaje mpaka ya mwisho, na uzito umekaa wapi. Hii ni siku moja ya kazi hiyo, hapa Arusha.

Saa 1 asubuhi. Kufungua, kufagia, kuhesabu spana, chai na chapati. Pikipiki ya leo ni Suzuki DR650, tenki lake la kiwandani ni lita 13. Mwenyewe ni mzee anayeondoka kesho alfajiri kwenda Ziwa Natron kupitia Mto wa Mbu na Engaruka, kisha apande ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Loliondo. Kwenye lami pikipiki hii inakupa kilomita 20 kwa lita ukiwa na mkono mpole. Kwenye mchanga na vumbi la chini ya Oldoinyo Lengai mimi hupiga hesabu ya 15 tu. Lita 13 mara 15 ni kilomita 195, na hapo tenki limekauka kabisa. Mto wa Mbu hadi Ngare Sero, kijiji cha Ziwa Natron, ni kama kilomita 120, kwenda peke yake. Petroli ya vijijini ipo, lakini inauzwa kwenye chupa na madumu, na hujui imekaa humo tangu lini. Tenki jipya ni la plastiki, lita 20. Mara 15 ni 300. Hapo mtu anafika Ngare Sero na kurudi Mto wa Mbu bila kutafuta chupa ya mtu.

Saa 2. Jirani yetu anachomelea mageti, kwa hiyo kabla ya kugusa mafuta pikipiki inasukumwa hadi nyuma kabisa, simu zinabaki mezani, na ndoo ya mchanga inakaa karibu. Kiti kinatoka, vifuniko vya pembeni vinatoka. Koki ya DR650, yaani bomba la kufungulia mafuta chini ya tenki, inafunguka kwa injini kuvuta hewa: ikizima, nayo inajifunga yenyewe. Ukichomoa mpira ukiwa umeiacha kwenye ON hakitoki kitu, na vijana wengi hudhani imeziba. Geuza kwenye PRI, mafuta yatashuka bila injini kuwaka. Yapokee kwenye dumu lililowekwa chini, si la kushikwa mkononi.

Saa 3. Tenki la plastiki lijapo jipya, halijawa tayari. Ndani mara nyingi kuna vumbi la plastiki na vinyuzi vilivyobaki kiwandani, na ukifunga hivyo hivyo vinyuzi hivyo utavikuta kwenye kabureta, pale mafuta yanapochanganywa na hewa, kabla ya wiki kuisha. Tunaweka nusu lita ya petroli, tunatikisa, tunamwaga kupitia kitambaa cheupe. Leo imechukua mara tatu mpaka kitambaa kikatoka safi. Koki mpya ni ya mkono. Inafungwa kwa boliti mbili zinazoingia kwenye nati za shaba zilizozamishwa kwenye plastiki, na nati hizo zikizunguka tenki limekufa. Oringi inapakwa mafuta kidogo, boliti zinaingizwa kwa vidole mpaka zigote, kisha spana fupi robo mzunguko. Gundi ya kufungia nyuzi usiitie hapo, nyingine hupasua plastiki.

Sasa kuna jambo ambalo likisahaulika litamaliza siku yako. Koki ya zamani ilikuwa na mpira mwembamba wa mvuto unaokwenda kwenye kabureta, upande wa injini. Koki ya mkono haina kazi nao. Kijibomba kilichobaki wazi kinavuta hewa isiyopimwa: injini inapanda mzunguko yenyewe ukiwa umesimama, inapiga risasi kwenye ekzosi ukiachia mkono, na inachemka. Kizibe kwa kofia ya mpira yenye klipu. Kipande cha mpira kilichokomewa boliti hufaa mwezi mmoja, kisha hupasuka kwa joto.

Saa 4 na nusu. Tenki linakaa. Tundu la nyuma limepishana na fremu kama milimita 3, jambo la kawaida kwa plastiki. Usilivute kwa boliti. Liweke juani nusu saa, lilainike, likae lenyewe. Usukani unageuzwa kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, huku dogo, msaidizi wangu, akiangalia waya wa klachi na wa eksileta. Kati ya plastiki na bomba la ekzosi nataka kidole kipite bila kugusa. Mpira wa mafuta uwe na mteremko njia nzima. Ukiweka kona ya juu, povu la hewa litakaa hapo na kuziba njia.

Saa 5 na robo. Anakuja kijana na pikipiki ya 250 ya sindano, yaani inayosukuma mafuta kwa pampu bila kabureta, tenki lake halifiki lita 8, na dumu la njano la mafuta ya kula la lita 20. Anataka tulifunge kwenye keria. Namweleza polepole, maana hajakosea kuhitaji mafuta, amekosea mahali pa kuyaweka. Lita moja ya petroli ni kama gramu 740, kwa hiyo dumu hilo likijaa ni karibu kilo 15, na zimekaa juu tena nyuma ya ekseli. Tairi la mbele linakuwa jepesi, mchangani usukani unaanza kuchezacheza, na keria inakatika kwenye kiungo cha fremu ya nyuma. Dumu la mafuta ya kula nalo halina kifuniko cha kuhimili mvuke. Jua la saa nane likilipiga, linavimba na kutema. Kwa yeye ni bora vidumu viwili vya lita 5 vilivyotengenezwa kwa petroli, kimoja kila upande, chini na mbele kadiri inavyowezekana, na avimimine ndani mara tu tenki likipata nafasi, ili uzito uhamie katikati ya pikipiki. Au anunue tenki kubwa la modeli yake. Hapo pampu inahamishwa kutoka tenki la zamani, na kwa kuwa inasukuma kwa kama bar 3, gasketi yake ibadilishwe na nati zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo. Amesema atafikiri. Ameondoka na dumu lake.

Saa 7. Ugali na maharage, haraka.

Saa 8 mchana. Mzee anafika, saa mbili kabla ya muda tuliokubaliana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Imeisha?"

Injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Akaisikiliza, akatabasamu, akaanza kuvaa kofia. Nikamwambia bado kupima mtiririko. "Mtiririko gani tena? Si inawaka?" Nikamwambia inawaka ikiwa imesimama, na ikiwa imesimama inakunywa kidogo mno. "Fundi, nina mizigo haijafungwa nyumbani. Na nimelipa." Ni kweli amelipa. Akakaa kwenye benchi, akatoa simu, na kila dakika tano akauliza tena, mara kwangu, mara kwa dogo, mara kwa jirani wa mageti. Dogo akaanza kufanya kazi kwa pupa, na pupa kwenye mafuta sitaki kuiona, nikamwambia apumzike kwanza.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukikimbia kilomita 110 kwa saa, pikipiki ya ukubwa huu inaweza kula lita 8 kwa saa. Hizo ni kama mililita 130 kwa dakika. Mimi nataka mara mbili yake, 260, tena tenki likiwa na mafuta kidogo, kwa sababu hapo ndipo msukumo unapokuwa dhaifu. Chupa ya maji ya nusu lita tumeichora alama kila mililita 50. Tunaweka lita 5 ndani ya tenki, tunafunga kifuniko, tunachomoa mpira kwenye kabureta, tunaushusha chupani palepale kwenye kimo cha kabureta, tunafungua koki.

Dakika ya kwanza: mililita 320. Mzee akasema, "Unaona?"

Dakika ya pili: 110. Dakika ya tatu: matone. Tone, kimya, tone.

Nikafungua kifuniko. Tenki likavuta pumzi kwa sauti, *fyuuu*, na mafuta yakaanza kukimbia tena mbele ya macho ya mzee. Akainuka kwenye benchi.

Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, ndani kunabaki mvuto unaoyashikilia yasishuke. Tena tenki likijaa mambo huwa mabaya zaidi, maana hewa iliyomo ni kidogo na mvuto unajengeka upesi. Mzee angejaza lita 20 zake Mto wa Mbu, aingie barabara ya vumbi, na baada ya dakika chache injini ingezima kama mtu aliyekata waya. Angesimama, angefungua kifuniko kuchungulia, ingewaka. Kilomita chache mbele, vilevile. Watu hubadilisha plagi, hufungua kabureta porini, na ugonjwa uko kwenye kifuniko.

Tatizo lilikuwa valvu ndogo ya upande mmoja kwenye mpira wa pumzi, ule wa kifuniko unaoingiza hewa. Tuliiunga kinyume asubuhi, sisi wenyewe, ikawa inatoa hewa bila kuingiza. Ina mshale mdogo usioonekana vizuri ukiwa na grisi mkononi. Ijaribu kwa mdomo kabla ya kuifunga: ukinyonya upande wa tenki, hewa ipite kwa urahisi. Kwa safari za joto mimi huiondoa kabisa, naacha mpira mtupu uliopindwa juu kwanza, kisha ukashushwa kwenye tundu la shina la usukani. Ukiangusha pikipiki utadondosha mafuta kidogo, na hiyo naikubali kuliko valvu iliyojaa vumbi la Natron.

Tukarudia. 330. 325. 310. 300. Kifuniko kimefungwa muda wote.

Mzee hakuuliza tena saa ngapi.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Mgongo ulikuwa umeshakakamaa kwa kuinama. Tuliachia koki kwenye ON mpaka ikakata yenyewe, tukageuza RES, yaani akiba, na kupima yaliyobaki: lita 2.4. Ikakata tena. Kisha tukalaza pikipiki upande wa kushoto, kwenye koki, wanaume watatu, yakaja mengine mililita 600 yaliyokuwa yamejificha bawa la kulia. Tenki hili limepanda fremu kama mkoba juu ya punda, na koki iko upande mmoja tu. Mzee akalazwa nayo pia, kwa maana ya kwamba nilimfanya ainame, aishike, ailaze na kuiinua mwenyewe, ili akikwama ajue mililita 600 hizo ziko wapi na zinavyopatikana. Ni kilomita 9 hivi.

Halafu kujaza kwa hatua: lita 2 kwanza, karatasi nyeupe chini ya koki, robo saa. Kavu. Kisha lita 19, si 20. Petroli inapanuka karibu asilimia 1 kila joto likipanda nyuzi 10, kwa hiyo tenki hili lililojazwa alfajiri joto likipanda nyuzi 20 linataka nafasi ya karibu mililita 400 kabla ya saa nane mchana wa kule chini. Springi ya shokapu ya nyuma tukaikaza kidogo, kwa kuwa lita 7 zilizoongezeka ni kilo 5 na bado mizigo yake.

Tulimwonyesha koki mara mbili. Ile ya zamani ilikuwa inajifunga, hii haijifungi. Ukilala Ngare Sero ukaiacha wazi, na sindano ya kabureta, ile inayozuia mafuta yakijaa, ikapitisha kidogo, mafuta yanashuka ndani ya injini usiku kucha. Asubuhi nusa oili kabla ya kuwasha. Ikinuka petroli, usiwashe, badilisha oili kwanza.

Jua limeshashuka. Kwenye plastiki ile stika hazishiki, mvuke wa petroli huzibandua, kwa hiyo niliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya fremu, chini ya kiti: *ON lita 16, RES 2.4, laza kushoto 0.6. Funga koki.* Mzee akaisoma kwa sauti, akaipiga picha, akawasha, akaondoka taratibu kuelekea barabara kuu.