Siku moja kwenye wodi ya upasuaji, Moshi

Saa 1:30 asubuhi. Tunakabidhiana zamu kitanda kwa kitanda. Ninachouliza kwanza ni nani kapandwa na homa usiku na nani bandeji yake imelowa, maana natafuta dalili za maambukizi ya kidonda.

Saa 2:30. Mzee wa Kibosho anasubiri upasuaji wa ngiri. Jana usiku kajinyoa nyumbani kwa wembe. "Nilitaka nije safi, mwanangu." Kinenani pana michubuko midogo yenye vitone vya damu, na bakteria hupita hapohapo. Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza tangu 2016: wembe usitumike kabisa, nywele ziachwe, ikibidi zikatwe kwa mashine. Kuoga kwa sabuni kunatosha. Nimemwita daktari aikague ngozi. Sindano ya antibayotiki ya kinga atachomwa ndani ya saa 2 kabla ya kisu, ili dawa iwe imeshasambaa mwilini anapochanwa.

Saa 4:00, vidonda. Naanza na visafi, vyenye usaha namalizia, na mikono nanawa kila ninapohama kitanda.

Mama wa kitanda cha dirishani alifanyiwa upasuaji wa dharura, utumbo ulitoboka. Leo ni siku ya sita. Mshono umekuwa mwekundu, pembeni pana joto. Nikibonyeza taratibu, usaha unachuruzika katikati ya nyuzi. Nimechukua sampuli ya maabara kabla dawa haijabadilishwa, kisha daktari akafungua nyuzi mbili usaha upate njia.

"Nesi, nimekosea wapi?"

Hujakosea, mama. Kinyesi kilishamwagika tumboni kabla hujafika, upasuaji ulichukua muda mrefu, na una kisukari. Inaniuma sana mgonjwa anapobebeshwa lawama ya kidonda chake, na ndugu husema hivyo mbele yake.

Saa 7:00 ndugu wanaleta mtori. Mzuri, ila nawaomba waongeze mayai na maharage; kidonda hakifungi bila protini.

Saa 8:30 mgonjwa mwingine, kijana aliyekwisha kupasuliwa ngiri, anaruhusiwa, anaomba antibayotiki za kwenda nazo. Kidonda chake ni safi. Vidonge hivyo vitamletea usugu tu, yaani bakteria wasiosikia dawa. Nimemsihi aache sigara, na kwa siku 30 akiona wekundu, maumivu yanayozidi, usaha au homa, arudi siku hiyohiyo. Maambukizi mengi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshafika kwake.

Saa 9:30 nakabidhi zamu: sukari ya mama ipimwe tena jioni, majibu ya usaha yafuatiliwe maabara.