Kutoka sauti ya tatu kanisani hadi jazi: nilivyojifunza tromboni kwa kumfuata Jonas Gwangwa

Sisi wapiga tromboni wa Mbeya wengi wetu tumelelewa na kanisa. Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa ambalo tangu karne ya 18, kule Herrnhut nchini Ujerumani, lilikuwa na vikundi vya tromboni vya kupiga nyimbo za ibada, kutangaza misiba na kuwaamsha waumini alfajiri ya Pasaka. Nami nilianzia katika kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu, nikipiga sauti ya tatu kwa miaka mingi kama ilivyoandikwa, pasipo kuongeza wala kupunguza nota. Ninaeleza hapa jinsi nilivyofika mahali pa kuweza kusimama mbele ya watu na kupiga jazi, yaani kutunga papo hapo juu ya wimbo unaojulikana, na jinsi maisha ya mpiga tromboni mmoja wa Afrika Kusini yalivyonionyesha njia.

Jonas Gwangwa alizaliwa mwaka 1937 Orlando East, Soweto, akaanza tromboni akiwa kijana katika bendi ya shule iliyopata ala kwa jitihada za Padri Trevor Huddleston, yule yule ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, alikuwa askofu wa Masasi hapa kwetu. Mwaka 1959 Gwangwa alikuwa pamoja na Hugh Masekela, Abdullah Ibrahim na Kippie Moeketsi katika kundi la Jazz Epistles. Utawala wa makaburu ukamfanya mkimbizi kwa miongo mitatu: alisoma muziki New York katika Manhattan School of Music, akapanga na kuongoza muziki wa santuri ya Harry Belafonte na Miriam Makeba iliyopata tuzo ya Grammy, kisha miaka ya 1980 akaliongoza kundi la Amandla la chama cha ANC, lililopeleka habari za mapambano katika nchi nyingi kwa nyimbo na ngoma. Mwaka 1985, majeshi ya Afrika Kusini yalipovamia Gaborone, nyumba yake ililipuliwa. Baadaye muziki wa filamu ya Cry Freedom ya mwaka 1987, alioutunga pamoja na George Fenton, ukateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Alirudi kwao mwaka 1991 na kufariki tarehe 23 Januari 2021, tarehe ile ile aliyofariki Masekela miaka 3 kabla. Kwa maoni yangu jina lake halitajwi inavyostahili, hata miongoni mwetu tunaopiga ala aliyoipiga yeye.

Kilichonivuta kwake kuliko kwa wengine ni kwamba alikuwa mpangaji wa muziki kwa kiwango kile kile alichokuwa mpigaji. Nilikuwa nimemsikiliza J. J. Johnson, mpiga tromboni wa jazi wa Indianapolis, Marekani, ambaye miaka ya 1940 aliipigisha tromboni kwa kasi na usafi ambao wengi hawakuudhania, nami nikamheshimu sana, lakini katika Gwangwa nilisikia mtu anayeimba: sentensi fupi, nafasi ya kupumua, kisha jibu. Nilitumia programu ya simu inayopunguza kasi ya muziki bila kubadilisha kimo cha sauti, nikawa ninaiimba kila sentensi yake kwa mdomo mpaka nikaizoea, ndipo nikaishika tromboni.

Kazi kubwa ilikuwa mkononi. Bomba la kuteleza la tromboni, ambalo mpigaji hulisogeza kwa mkono ili kubadili nota, lina nafasi 7, na kila ukisogea nafasi moja mbele sauti hushuka kwa nusu toni, lakini halina alama yoyote. Sikio ndilo linaloamua. Kanisani nilizoea nota moja kuwa na nafasi moja. Katika jazi nilijifunza kwamba D ya katikati, ambayo sikuzote niliipiga bomba likiwa limerudishwa lote ndani, yaani nafasi ya kwanza, hupatikana pia katika nafasi ya nne. Kwa hiyo kutoka C iliyo nafasi ya tatu, kwenda D, kisha E ya flati iliyo pia nafasi ya tatu, mkono husogea kidogo tu badala ya kurudi mpaka mwanzo na kutoka tena. Jambo hilo dogo lilinifungulia mambo mengi, kwa sababu sentensi zilizokuwa zikikatika vipande vipande zilianza kutiririka. Ulimi nao ulibidi ujifunze kugusa hewa kwa wepesi wa "da", bila ugumu wa "ta", ili nota zitengane na bado zishikane.

Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai ilidai uangalifu wake. Chuma kikipoa sauti hushuka, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nikipuliza hewa ya moto ndani ya bomba kabla ya kupiga nota ya kwanza.

Hata hivyo, msaada mkubwa kuliko wote ulitoka mahali nilipokuwa tayari. Anayepiga sauti ya tatu hukaa ndani ya kodi, yaani nota kadhaa zinazolia kwa pamoja, na mara nyingi ndiye anayeshika nota inayoamua kama kodi ni ya furaha au ya huzuni, au ile inayoonyesha kwamba kodi inataka kwenda kwingine. Nota hizo hizo ndizo mpiga jazi anazozitafuta anapotunga. Nilichukua tenzi tunazozipiga kila Jumapili, nikaipiga sauti yangu ya zamani kama kawaida, kisha nikaanza kuichelewesha, kuizungushia nota za jirani na kuirudisha nyumbani kwa wakati. Baadaye nikawaandikia wenzangu wanne sauti za kunishikia chini, kwa kuwa mpigaji wa peke yake asiye na kodi nyuma yake hana cha kujibizana nacho.

Tulipiga hivyo mara ya kwanza katika sherehe ya harusi mtaa wa Soweto, hapa mjini Mbeya. Mwalimu wetu wa zamani wa matarumbeta, ambaye nilikuwa nimeogopa kidogo maoni yake, alinishika mkono akaniambia kwa Kinyakyusa "Ndaga fijo", yaani asante sana, kisha, "Mwanangu. Wimbo nimeusikia wote, hukuupoteza." Nikamjibu, "Asante, Mwalimu. Ni ile sauti ya tatu uliyonipa." Tulikaa baadaye pamoja na wazee wa usharika tukakubaliana: kwenye harusi na sherehe tutapiga kwa uhuru huo, lakini misibani na alfajiri ya Pasaka makaburini tutapiga kama ilivyoandikwa. Ninayaunga mkono makubaliano hayo kwa moyo wote, na siku hizi vijana wawili wa sauti ya tatu huja nyumbani Jumamosi kujifunza D ya nafasi ya nne.