Yaya wa Masaki: picha, maziwa na mkataba

Kwenye nyumba za Masaki na Oysterbay, mitaa ya wenye nazo Dar es Salaam, yaya hufukuzwa kwa picha upesi kuliko kwa uvivu. Mtoto wa mtu maarufu hapigwi picha, hata ya mgongo: sare peke yake inatosha kumwambia mtu anakosoma. Stori za bosi zisifike hata kwa mlinzi wa getini.

Maziwa ya kopo, yale ya unga ya mtoto mchanga, ndiyo yanayowashinda wengi. Chemsha maji, yaache yapoe yasizidi nusu saa, yabaki na joto la nyuzi 70 au zaidi. Unga wenyewe huweza kuwa na vijidudu, na joto hilo ndilo linaloviua. Tia maji kwanza, kisha vijiko vilivyosawazishwa kama kopo linavyoelekeza. Ukizidisha, mtoto atafunga choo. Poza chupa kwenye maji baridi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yakikaa saa 2, mwaga. Kwa joto hili la Dar, usiyaonee huruma.

Mkataba? Kwa maandishi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28. Bosi kusema "Si unalala hapahapa" hakufuti malipo ya saa za ziada.