Kumbukumbu ya tumbo dogo: miezi 8 ya kujifunza kula upya

Nimekuwa naandika hizi kumbukumbu kwenye daftari tangu nitoke hospitali, siku nyingine mistari miwili tu, siku nyingine kurasa nzima, na leo nimekaa nimezikusanya maana mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anafanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito kama mimi mwezi ujao na kila siku ananiuliza dada ikoje kweli. Nimeona bora nimwandikie kama ilivyokuwa, na wengine mlio kwenye safari hii msome pia.

Mimi nilifanyiwa aina inayoitwa slivu. Wanakata mfuko wa chakula kwa urefu, karibu asilimia 75 mpaka 80 inatolewa nje moja kwa moja, unabaki na kitu chembamba chenye umbo la ndizi. Ikishatoka imetoka, hairudishwi. Baipasi ni aina nyingine ya upasuaji huu, kule wanatengeneza kifuko kidogo cha kama mililita 30 alafu wanaunganisha utumbo njia mpya, kwa hiyo wa baipasi msishangae mkikuta baadhi ya mambo yangu hayafanani na yenu. Nilianza na kilo 131.

Wiki ya 1

Kazi yangu wiki hii ni moja tu, maji. Nimepewa kile kikombe kidogo cha kupimia dawa, mililita 30, naambiwa ninywe taratibu kwa dakika 15 alafu najaza kingine. Lengo ni lita moja na nusu kwa siku. Pigeni hesabu, hivyo ni vikombe 50, saa 12 na nusu za kunywa bila kupumzika, yaani nikiamka nakunywa na nikilala bado najidai nimefika nusu. Siku ya kwanza nilifika vikombe 19 nikalia.

Bega linauma kuliko hata tumbo, nikaogopa sana mpaka nesi akanieleza ni ile gesi waliyojaza tumboni ili waone vizuri wakati wa kufanya kazi, na dawa yake ni kutembea. Kutembea pia kunasaidia damu isigande miguuni, kwa hiyo natembea korido kwenda na kurudi kila saa hata kama ni dakika tano. Ila nilisisitiziwa kitu kimoja na naandika hapa kwa herufi ninazoweza kuzisoma nikiwa na usingizi: homa, mapigo ya moyo kwenda mbio hata nikiwa nimekaa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, hapo hakuna kusubiri asubuhi, ni kurudi hospitali usiku huo huo maana inaweza kuwa mshono unavuja.

Wiki ya 2

Vimiminika vizito kidogo sasa, supu iliyochujwa, maziwa, protini ya unga. Njaa sina. Homoni ya njaa, ghrelini, sehemu kubwa inatengenezwa pale juu ya mfuko wa chakula na ndipo walipopaondoa, kwa hiyo tumbo limenyamaza kimya. Nilidhani basi nimeshinda.

Jana jioni mama alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Harufu ikafika chumbani nikajikuta nimesimama mlangoni mwa jiko na machozi yananitoka, na tumbo halina njaa hata kidogo, ni kichwa ndo kinadai. Mama akanikumbatia akaniambia mwanangu, pole, pole, akazima moto. Hapo ndo nilielewa vizuri ninachokifanya: kisu kilimaliza kazi yake asubuhi moja, ila mkono wangu, macho yangu na hamu yangu ni vya yule mtu wa zamani, na hivyo hakuna daktari wa kuvikata, ni mimi nivifundishe.

Wiki ya 3

Mzani umegoma. Siku 9 namba ile ile, na mimi nakunywa supu tu! Nilimpigia mtaalamu wa lishe nikiwa na hasira kabisa, akasema karibu kila mtu anapita hapa, mwanzoni unapoteza maji mengi kwa sababu sukari ya akiba kwenye ini na misuli imefungana na maji, ikiisha yanatoka kwa pamoja, baadaye mwili unatulia unarudisha kidogo. Akaniambia nipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile. Mzani nimeuweka juu ya kabati ambapo mpaka nipande kiti.

Wiki ya 5

Leo yai. Baada ya uji uji na vyakula vya kupondwa wiki nzima niliruhusiwa laini, nikakoroga yai moja, nikaliweka kwenye kisahani cha kikombe na kijiko cha chai. Kijiko cha kwanza nikatafuna mpaka hakuna cha kutafuna, nikameza, nikaweka kijiko chini, nikasubiri dakika moja. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu pia, na utamu wake siwezi kuuelezea, yai lenye chumvi kidogo baada ya mwezi mzima!

Cha nne simu ikaita. Nikapokea, nikaweka kijiko mdomoni huku naongea, nikameza bila kutafuna kwa mwendo ule wa zamani. Haikufika dakika nikahisi kitu kimekaa katikati ya kifua, chini ya ule mfupa, kama jiwe. Mate yakaanza kujaa mdomoni, mengi, mazito, ukitema yanavutika, yakageuka povu. Nikakata simu nikaenda kuinama kwenye sinki, nikakaa hapo kama dakika 20 natema povu tu na mgongo unaniuma, mwisho yai likarudi lilivyo, halina uchungu wowote maana halikuwa limeshuka hata. Kiasi chenyewe ni cha kukaa kwenye ncha ya kidole.

Kosa langu la pili ni kwamba nilitaka kunywa maji ili nilisukume. Msifanye hivyo. Njia imeziba, maji yanakaa juu yake na maumivu yanazidi.

Siku ile nikaanza kuandika dalili zangu za kushiba kwa sababu ile dalili ya zamani, tumbo kujaa, ikifika ujue umeshachelewa. Zangu ni mbili. Pua inaanza kuchuruzika kidogo, na napumua pumzi moja ndefu ambayo sijaikusudia. Ikitoka ile pumzi, kijiko kinashuka chini, hata kama kimebaki kijiko kimoja tu kwenye sahani. Kuna rafiki yangu yeye anapata kwikwi moja, mwingine anapiga chafya. Kila mtu atafute yake, na aitafute mapema.

Mwezi wa 2

Kula na kunywa nimetenganisha. Nikimaliza kula nasubiri dakika 30 ndo nikunywe, maana maji yanachukua nafasi ya chakula na mengine yanakiteremsha haraka kabla sijashiba. Hii ndo imenishinda kuliko zote, mkono unaenda kwenye glasi wenyewe. Binti yangu ndo amechukua hiyo kazi, nikimaliza kula anaweka alamu kwenye simu na glasi anaenda nayo chumbani kwake, ikilia analeta anasema mama sasa unaruhusiwa. Ana miaka 8 na hajakosea hata siku moja.

Vitamini nazo zina ratiba yake. Kalisiamu na madini ya chuma hazikai pamoja, zinagombania mlango mmoja wa kuingia mwilini, kwa hiyo naachanisha angalau saa mbili. Chuma asubuhi, kalisiamu nimegawa mara tatu kwa siku kwa sababu mwili hauchukui nyingi kwa mpigo. B12 na vitamini D pia zipo. Hizi ni za maisha, na nasikitika sana nikisikia mtu ameacha kwa sababu anajisikia vizuri, upungufu unachukua muda kuonekana alafu ukionekana ni ganzi za miguu na damu kupungua.

Choo kigumu, ndio, kipo. Maji na kutembea, na dokta aliniandikia dawa ya kulainisha.

Mwezi wa 4

Nywele. Niliambiwa lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Naoga naona mkononi fungu zima, kwenye mto, kwenye kola ya nguo. Mwili ukipata mshtuko mkubwa kama upasuaji na kupungua haraka, nywele nyingi zinaingia mapumziko kwa pamoja, alafu miezi kama mitatu baadaye zinadondoka kwa pamoja. Zinaota tena. Kinachosaidia ni kutokosa protini, mimi naambiwa gramu 60 mpaka 80 kwa siku, na kwa tumbo hili maana yake protini inaingia kwanza, kila mlo, kabla ya kitu kingine chochote kwenye sahani. Nikianza na wanga nimekwisha, nafasi imejaa.

Nimezikata fupi. Dada yangu mkubwa ndo alinikata, hatukuongea sana.

Mwezi wa 5

Sherehe ya ndugu, nikapewa glasi ya juisi tamu nikanywa nusu kwa haraka nikiwa na kiu. Kama dakika 20 hivi moyo ukaanza kwenda mbio, jasho la baridi, tumbo linanguruma, kizunguzungu, nikaenda kulala kwenye chumba cha wenyeji. Ni sukari kuingia kwenye utumbo mdogo kwa kasi. Wa baipasi inawapata zaidi lakini na sisi wa slivu inatupata, nimethibitisha.

Pia dawa za maumivu nilizokuwa nazimeza zamani kama ibuprofeni na diklofenaki nimekatazwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Natumia parasetamoli, na kila nikienda kwa daktari yeyote wa kitu chochote nasema kwanza nimefanyiwa nini.

Mwezi wa 6

Kilo 97. Kuna kitu kidogo nataka kukiandika. Leo nilipita katikati ya viti viwili kwenye ukumbi nikageuka ubavu, nikavuta pumzi, nikashika nguo isinase, kama nilivyofanya miaka yote. Nikapita nikaangalia nyuma, nafasi ilikuwa inatosha mimi na mtu mwingine. Nikarudi nikapita tena nimenyooka. Macho hayajajua bado. Hata dukani nachukua nguo ya saizi ile ya zamani nainyanyua naiona ndo yangu.

Ngozi ya mikono na tumbo imelegea, chini ya mkunjo nafuta nakausha vizuri kila nikioga la sivyo inachubuka. Inanisumbua, sitadanganya, lakini napanda ngazi nikiwa naongea.

Kingine ni watu. Mama bado anaumia akiona nimeacha chakula, kwake kuacha chakula ni ugonjwa, na mimi namwelewa kwa sababu ndivyo alivyotupenda siku zote, kwa kutujazia sahani. Sasa hivi tunafanya hivi, ananipakulia yeye mwenyewe lakini kwenye kisahani kidogo, vijiko anavyohesabu yeye. Amefurahi. Tunamaliza wote pamoja.

Mwezi wa 7

Hapa ndo pa kusoma kwa makini mdogo wangu. Njaa imerudi kiasi, na nimegundua kwamba biskuti hazinikwamishi. Nyama inanikwamisha, yai linanikwamisha nikikimbilia, lakini biskuti inayeyuka mdomoni inateleza inaisha, na pumzi yangu ile haitoki kabisa. Nilikuwa nadonoa moja moja jioni nikiwa nafanya kazi, siandiki kwenye daftari kwa sababu ni moja tu. Mzani ukapanda kilo moja na nusu ndani ya wiki tatu.

Nilikaa na daftari nikaandika kila kitu kwa siku nne bila kuficha. Tumbo dogo linazuia mlo mkubwa, halizuii kudonoadonoa mchana kutwa, mfuko hauna lango la kujua saa. Na nilichokuwa natafuta hakikuwa chakula, nilikuwa nimechoka na niko peke yangu. Nilimwambia mtaalamu wa lishe, akanielekeza kwa mshauri, naenda kila wiki ya pili. Mdogo wangu, usingoje mpaka mwezi wa saba, mtafute mshauri kabla hata hujalazwa.

Mwezi wa 8

Kilo 95. Damu imepimwa, chuma iko sawa, B12 imeshuka kidogo nimeanza sindano. Wakati huo huo niliuliza kuhusu mtoto mwingine, nikaambiwa ningoje mpaka mwaka mmoja hadi mwaka na nusu upite tangu upasuaji, uzito utulie na akiba ya mwili ijae. Sawa, tunangoja.

Mchana wa leo nimekula samaki, kipande cha ukubwa wa kiganja cha binti yangu bila vidole, na mboga vijiko viwili. Simu ilikuwa chumba kingine. Kilipobaki kipande kama cha kidole gumba pumzi ikatoka, nikaweka uma chini, nikafunika sahani. Binti yangu akaangalia saa, akachukua glasi yangu akaondoka nayo.