Natafuta chumba, nina pikipiki

Leo usiku wa tisa toka tuhamie huku na ndo kwanza nakaa kuandika, maana wiki tatu zilizopita simu yangu ilikua ya kupigia madalali tu. Salma kalala, mama yake kalala, mimi nipo kwenye kigoda hapa barazani, chombo, pikipiki yangu, kipo mbele yangu kimefungwa mnyororo kwenye nguzo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sisikilizi kila kishindo cha barabarani. Naandika kabla sijasahau nilivyopita.

Nyumba ya zamani tulikaa miaka minne, Kimara Baruti, chumba na sebule elfu sabini kwa mwezi. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia mzee mwenye nyumba, mzee mimi kazi yangu ni bodaboda, pikipiki italala wapi? Akanijibu mwanangu leta, italala pale korido ya nyuma. Ikaisha hapo. Mkataba tulioandikishana kwa mjumbe ulikua na kodi, na umeme, na maji, na hela ya taka, lakini neno pikipiki halimo, na mimi wala sikulifikiria maana mzee kashasema. Mwaka jana mzee akafariki, Mungu amlaze mahali pema, nyumba ikashikwa na mwanae mkubwa. Huyu alikuja jumapili moja akaangalia matone ya oili kwenye korido, akaniambia kuanzia mwisho wa mwezi pikipiki isilale humu ndani. Nikamwambia tulikubaliana na marehemu. Akasema nionyeshe.

Sikua na cha kumwonyesha.

Watu wengi hawaelewi pikipiki kwangu mimi ni nini. Hii Boxer niliichukua kwa mkataba, napeleka kwa tajiri mwenye pikipiki elfu kumi kwa siku mpaka iwe yangu, siku sita kwa wiki, miezi kumi na nne. Kuna siku za mvua nilikopa kwa wenzangu kijiweni ili hesabu itimie. Siku nakabidhiwa kadi ya pikipiki nilimpelekea mama Salma aishike kwanza yeye, maana zile siku tulizokula ugali na dagaa wa elfu moja watu watatu alikula na yeye. Kwaiyo ukiniambia ilale nje unaniambia hiyo miezi kumi na minne yote ilale nje.

Nikaanza kuilaza kwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani, buku kwa usiku. Hesabu mwenyewe, elfu thelathini kwa mwezi, karibu nusu ya kodi naongezea juu. Na bado usingizi haupo, mlinzi mwenyewe mtu mzima, saa nane usiku akisinzia utamlaumu? Kuna mwenzetu kijiweni alikua analaza ya kwake nje ya dirisha lake kabisa, usiku wa mvua wakaja wakavunja loki ya usukani, wakaisukuma mpaka barabarani, mvua inapiga bati hajasikia kitu. Asubuhi kakuta alama ya tairi kwenye tope. Alibakiza miezi mitatu kumaliza mkataba. Bima tunazokata wengi wetu ni ile ndogo, ukimgonga mtu inamlipa yeye, wewe ukiibiwa haikuhusu. Mpaka leo analipa deni la pikipiki ambayo hajui ipo wapi, na anafanya kazi kwa kuazima azima chombo cha wenzie. Nilivyomwona siku ile amekaa kwenye jiwe pale kijiweni ameshika helmeti tu mkononi, nikaenda kwa mlinzi jioni ileile nikaichukua nikaiingiza ndani kwangu.

Ndani kwangu maana yake sebuleni. Nilitegesha ubao kwenye kizingiti, nikasogeza kochi, ikalala kati ya kochi na kabati. Nilikua nafunga koki ya mafuta na mtungi wa gesi tukauhamishia barazani, mama Salma akawa anapikia nje hata upepo ukiwa mkali, maana petroli na moto ndani ya chumba kimoja hapana. Lakini harufu haijui koki. Asubuhi moja akaniambia kwa upole kabisa, baba Salma, mtoto anaamka shuka zake zinanukia petroli. Hakusema kingine. Siku ile nilifanya kazi nusu siku, mchana nikaanza kutafuta nyumba.

Sasa kutafuta nyumba Dar na pikipiki ndo nimejua. Kwanza dalali, elfu kumi ya kukutembeza, ukipata anachukua kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za pango ilishafutwa toka 2005, ni makubaliano yenu tu, na mwenye shida kwenye makubaliano hayo huwa ni yule ambaye vyombo vyake vipo nje. Dalali wangu kijana mzuri tu simlaumu, tulikua tunazunguka nae hukuhuku Kimara nimempakia nyuma, na kila tukifika ananiambia braza tupaki mbali kidogo, tuingie kwa miguu, wasiione kwanza.

Mara ya kwanza nilikubali. Chumba masta, taili safi, geti, uwanja ndani unaingia hata magari matatu, na kwenye tangazo walisema paking ipo. Mama mwenye nyumba kanipokea vizuri, shikamoo mama, marahaba baba, kaniuliza familia, nikamwambia mke na mtoto mmoja, kafurahi. Nikaona sio haki kumficha, nikamwambia na pikipiki yangu ya kazi. Uso ukabadilika palepale. "Bodaboda sipangishi baba, nisamehe." Nikamuuliza na paking? Akasema paking ya magari hiyo. Pale pale uwanjani kulikua na gari bovu limekalia matofali, majani yameota mpaka kwenye milango. Linaruhusiwa kukaa kwa sababu ni gari.

Hii iliniuma na bado inaniuma. Pikipiki zina kanuni za kubeba abiria kwa leseni toka 2010, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanatupa leseni, namba za MC hizo zimesajiliwa kama gari lolote, na toka mabasi ya mwendokasi yaanze 2016 kila anaeshuka Kimara Mwisho anaekaa ndani huko anatuita sisi. Yule mama mwenyewe akitoka sokoni na mizigo anapanda bodaboda. Tunamfikisha mpaka getini kwake, ila getini ndo mwisho wetu. Na inayonilipia kodi ni hiyohiyo anayoikataa, angekua anaikaribisha hela yake mwenyewe. Nilimwambia dalali kuanzia leo tunaenda nayo mpaka mlangoni, anaekataa akatae mapema.

Nyumba ya pili wenyewe hawana neno, shida ni Kimara yenyewe. Anaejua huku anajua, ni milima na mabonde, nyumba ipo chini bondeni na kushuka ni ngazi za viroba vya mchanga na matairi yaliyofukiwa, nilihesabu ishirini na mbili. Mimi nashuka, Salma nambeba, pikipiki nitaibeba na nani? Na udongo ule ukinyeshewa hata mtu mzima anatambaa. Ya tatu mwenye nyumba kakubali, ila elfu ishirini ya maegesho kwa mwezi na geti linafungwa saa nne usiku linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili asubuhi mimi nishapeleka abiria wanne stendi. Abiria wa alfajiri ndo hela, ukiwakosa hao siku nzima unakimbizana na jua.

Ya nne na ya tano sina la kusema, nilikataliwa kwenye simu.

Ya sita ndo hii, ndani ndani huku Temboni. Uzio wa matofali ambao haujapigwa lipu, geti la bati, nyumba ina vyumba vinne na bibi mwenye nyumba anakaa humuhumu na wajukuu. Nikafika nayo mpaka getini kama nilivyosema. Bibi kaiangalia, kaniangalia, akasema sitaki pikipiki. Nikawa nishageuza usukani. Afu sijui kitu gani, labda uchovu, nikamuuliza bibi naomba niulize tu, kwanini?

Hakunijibu. Alimwita mjukuu wake, katoto ka kiume kama miaka minne hivi, akamgeuza akanionyesha mguu. Kwenye shavu la mguu pana kovu kubwa kama mfuniko wa soda, katikati pamepauka, pembeni pamevimba kidogo, ngozi inang'aa. Mpangaji aliepita alikua anaingia anazima anaenda kuoga, mtoto kakimbilia mpira, mguu ukagusa ekzosti. Bibi akasema walikaa hospitali, mtoto alikua akisikia pikipiki analia. Aliniambia taratibu bila hasira.

Nilikaa chini pale kwenye ngazi. Kwa kweli nilikua nimeshawahesabu wenye nyumba wote kua wana roho mbaya, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza pale Baruti ekzosti yangu ilikua inaelekea wapi na watoto wa wapangaji wenzangu walikua wanacheza wapi. Pia saa kumi alfajiri nilikua nawasha koridoni nakanyaga mafuta mpaka ipate moto, wakati ukuta wa pili kuna mama mjamzito kalala. Hakuna aliewahi kuniambia, labda waliona nitagomba.

Nikamwambia bibi, naomba nikwambie nitakavyoishi nayo afu uamue. Injini nazima nje ya geti, nasukuma kuingia. Ekzosti inaangalia ukutani muda wote. Chini naweka boksi na kopo la kukinga oili. Alfajiri nasukuma mpaka juu barabarani ndo nawasha. Kuosha naosha nje. Akauliza, na wenzio? Maana wanasema ukipangisha boda mmoja umepangisha kijiwe kizima. Nikamwambia wenzangu tutaonana kijiweni bibi.

Akanyamaza. Akasema njoo kesho na mkeo.

Kesho yake tukaenda, wakaongea wao wawili jikoni kwa muda mrefu kuliko nilivyoongea mimi, sijui waliongea nini, bibi akatoka akasema elfu sitini na tano, miezi sita, ila kwa sababu nimemwona mama Salma nitapokea minne kwanza. Tukaenda kwa mjumbe. Nikaomba kitu kimoja, tuandike. Mjumbe akasema mbona haya mambo ya kusemezana tu, nikamwambia hapana mzee, niliwahi kusemezana. Tukaandika mstari mmoja kwa peni ya bluu: mpangaji ataegesha pikipiki moja ndani ya uzio, akiingia na kutoka injini ikiwa imezimwa. Bibi kaweka dole gumba, mimi nimesaini, mjumbe kagonga muhuri. Nimeupiga picha na simu, karatasi yenyewe ipo kwenye bahasha moja na kadi ya pikipiki. Wewe mwenye chombo unaetafuta nyumba, huo mstari usione aibu kuuomba. Mwenye nyumba anakufa, anauza, anahama, karatasi inabaki.

Kutoka getini mpaka barabarani ni kilima, hatua kama themanini, na Boxer sio nyepesi. Nafika juu natweta. Lakini kukiwa kimya vile alfajiri nasikia tu mnyororo unazunguka na adhana ya mbali, afu ndo napiga kiki.

Jana jioni nimerudi mapema, nimeizima nje, nimesukuma, nimeegesha. Yule mjukuu alikua amesimama mbali mlangoni kwa bibi yake, kama siku zote, anaangalia. Nikamwambia bado ya moto, ukitaka kushika tenki subiri ipoe. Akauliza itapoa saa ngapi. Nikamwambia mpaka nimalize kunywa chai. Nikaingia ndani, nilivyochungulia dirishani nikamkuta amekaa kwenye ngazi, mikono kwenye magoti, anasubiri.