Jinsi nilivyovuka sura ya tatu

Riwaya yangu ilikwama sura ya tatu miezi minane. Kila usiku nilisoma upya, nikafuta, nikalala. Aliyenikwamua ni Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa pia mfanyakazi wa posta: saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani, saa yake mbele yake, akijitoza maneno 250 kila robo saa. Mtumishi wake alilipwa pauni 5 zaidi kwa mwaka kwa kazi ya kumwamsha.

Maneno 250 siyawezi, nikajiwekea 100. Naandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari, simu naiacha jikoni. Kutofuta ndiyo dawa yenyewe, naamini kabisa. Jana wino uliisha Mwanaidi, mhusika wa riwaya yangu, akiwa bado mlangoni na ndoo yake. Nikamalizia sentensi kwa penseli ya mwanangu. Sasa niko sura ya kumi na moja.